Benga, rumba, rege au isukuti: mdundo upi unaufaa mwili wako, na saa ngapi

Nairobi si mji wa kimya. Ukipanda matatu ya kwenda Umoja, spika iko chini ya kiti chako. Ukishuka mjini, duka la simu limetoa yake hadi mlangoni. Jioni baa ya jirani inakuletea rumba ya Lingala dirishani, na Jumapili kanisa la mabati linaanza kinanda na ngoma kabla hujamaliza chai. Mwili unaipokea midundo hiyo yote, utake usitake, na kila mmoja una kazi unayoufanyia: huu unaharakisha pumzi, ule unalegeza mabega, mwingine unakutia hamu ya kucheza au unakuacha na hasira ambayo hujui imetoka wapi. Kwa hiyo zile saa chache ambazo simu iko mkononi mwako na unaweza kuchagua mwenyewe ni saa za thamani. Nimeziweka hapa aina tunazozisikia zaidi mjini, nikazilinganisha kwa shughuli za kila siku, na kila mahali nimesema ninayoipendelea na sababu yake.

Wengi wetu huchagua kwa jina la msanii, kwa lugha ya nyumbani au kwa rika. Mwili una vigezo vyake: kasi ya mapigo, mahali pigo linapoangukia, na ukubwa wa sauti. Ukivijua hivyo vitatu, hutahitaji tena orodha za nyimbo za mtu mwingine.

Hesabu kwanza

Weka wimbo, gonga meza kwa kidole pale mwili unapotaka kugonga, hesabu kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Hayo ndiyo mapigo ya wimbo kwa dakika. Sasa weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, uhesabu moyo vivyo hivyo. Mtu mzima aliyepumzika huwa na mapigo ya moyo 60 hadi 100 kwa dakika. Akitembea kwa mwendo wake wa kawaida, bila kukimbizwa na mvua wala makanga, hatua zake hukaribia 120 kwa dakika. Muziki ulio karibu na moyo uliotulia hukuvuta chini. Ulio karibu na miguu inayotembea, au juu yake, hukuinua.

Luciano Bernardi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, walilipima jambo hili kwa watu 24, nusu yao wanamuziki, wakachapisha matokeo mwaka 2006. Waliwapigia muziki wa aina sita, kuanzia raga ya Kihindi hadi tekno. Muziki ulipokuwa wa kasi, pumzi, mapigo ya moyo na shinikizo la damu vilipanda. Kasi ilikuwa na uzito kuliko aina ya muziki, na kuliko kama mtu anaupenda au haupendi. Halafu kuna jambo moja katika utafiti ule ambalo ningependa kila mtu mjini alijue: kati ya nyimbo walipachika dakika mbili za kimya, na katika kimya hicho moyo na shinikizo la damu vilishuka hadi chini ya pale vilipokuwa kabla muziki haujaanza. Nitalirudia tukifika jioni.

Je, miguu inapataje habari hizi? Kwa njia fupi sana. Watu wakilazwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wametulia tuli, na wakasikia mdundo wenye pigo linaloeleweka, sehemu za ubongo zinazopanga mwendo huamka hata kama hawajasogeza kidole. Na hatufundishwi. Mwaka 2009 watafiti walitoa matokeo ya watoto wachanga wa siku mbili tatu, waliopigiwa ngoma wakiwa usingizini. Pigo kuu lilipoachwa makusudi, ubongo wao ulionyesha kwamba walikuwa wanalitarajia. Mama anayembembeleza mtoto mgongoni kwa kumpigapiga taratibu anazungumza na ubongo ambao tayari unahesabu.

Kuna kingine cha kando, lakini kinaweza kuokoa maisha. Mtu akianguka na moyo wake ukasimama, kifua hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Tafuta wimbo mmoja unaoujua kwa moyo ulio katika kasi hiyo, uuweke kichwani. Siku ya taharuki mikono haitakumbuka namba, itakumbuka wimbo.

Kutembea na kukimbia: benga, gengetone au rege

Hapa ndipo ulinganisho unapovutia zaidi, maana jibu la kwanza linalokuja kichwani si lote sahihi.

Benga ilizaliwa Nyanza, na gitaa lake linafuata nyatiti, ala ya nyuzi nane ya Waluo. Ukipata nafasi ya kumwona mpiga nyatiti kwa karibu, usiangalie mikono tu, angalia mguu wa kulia. Amekaa kwenye kigoda kifupi, ameinama kidogo, njuga za gara zimefungwa mguuni, na kwenye kidole gumba cha mguu kuna pete nene ya chuma, oduong'o. Vidole vya mikono vinakimbia juu ya nyuzi. Pete ile inagonga mbao chini, pa, pa, pa, haiharakishi wala haichelewi. Benga ya gitaa ilichukua mambo yote mawili: nyuzi zinazokimbia juu, na pigo la ngoma la chini lisiloyumba. Kwa mwili ni mpango mzuri sana. Pigo la chini linakupa hatua, na zile nyuzi zinakunyima nafasi ya kuchoka kichwani, kwa sababu daima kuna kitu kipya cha kufuata.

Benga nyingi, iwe ya D. O. Misiani na Shirati Jazz au ile ya Kikuyu na Kikamba iliyorekodiwa River Road, ukizigonga mezani utaziona ziko juu ya 120. Hiyo ni kasi ya matembezi ya haraka, na inalingana na alichokipata Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, ambaye amechunguza muziki na mazoezi kwa miaka mingi: kwa mazoezi mengi, muziki wa mapigo 120 hadi 140 ndio unaofaa zaidi. Muziki wa namna hiyo hupunguza uchovu tunaouhisi, ila kwa mazoezi mepesi na ya wastani tu. Ukishafika pale unapohema kwa mdomo wazi, mwili unaacha kusikiliza wimbo, unaanza kusikiliza mapafu.

Kulinganisha hatua na pigo kuna faida nyingine. Katika jaribio la waendesha baiskeli lililochapishwa mwaka 2012, waliokanyaga sawasawa na mdundo walitumia oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 7 kuliko walipokuwa na muziki ulio polepole kidogo kuliko mwendo wao. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alilijua hili kwa miguu yake. Mwaka 1998, alipovunja rekodi ya mita 2,000 ya ndani ya ukumbi huko Birmingham, wimbo alioutaka mwenyewe ulikuwa ukipigwa uwanjani.

Gengetone, muziki wa vijana wa Nairobi wa kughani kwa Sheng, ulioshika mitaa kuanzia 2018, ni kitu tofauti. Kasi yake iko chini, wengi hukuta karibu na 95 au 100, lakini besi ni nzito na pigo haliangukii pale ulipoliwekea mguu. Linakuja kabla kidogo au baada kidogo. Maria Witek na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba midundo yenye kiasi cha wastani cha hayo mapigo ya kukwepa ndiyo inayowatia watu hamu kubwa zaidi ya kujisogeza, na raha zaidi. Ikiwa michache, muziki unachosha. Ikizidi, mwili unapotea. Gengetone imekaa pale katikati. Lakini hamu ya kujisogeza na mwendo wa kwenda mbele ni vitu viwili. Kiuno kinafurahi, miguu haipati pa kushika. Kwa jimu, kwa kunyanyua vyuma seti fupi fupi, au kwa kujiamsha saa kumi na moja asubuhi ya Jumatatu, gengetone inaishinda benga. Njia ya msitu wa Karura ya kilomita nane, hapana.

Na rege? Wakimbiaji wengi huiacha kwa sababu inasikika polepole. Ihesabu tena. Rege nyingi ziko kati ya 70 na 90, lakini gitaa lake linakata katikati ya kila pigo. Wimbo wa 80 ukiukanyaga mara mbili kwa kila pigo unakupa hatua 160, na hizo ndizo hatua za mtu anayekimbia kwa starehe. Unapata miguu yenye kasi na kifua kilichotulia, jambo ambalo benga haikupi. Kwa mtu anayeanza kukimbia, anayejimaliza pumzi kwenye kilomita ya kwanza kwa sababu muziki umemtimua, ningempa rege kabla ya chochote. Benga ningeiweka kwa matembezi ya haraka, ya kutoka Upper Hill hadi stejini mjini, na kwa kupanda ngazi.

Kazini na kwenye vitabu: rege au rumba

Kazi za mikono na kazi za kusoma hazitaki muziki mmoja.

Pita Kamukunji kwenye jua kali, pale wanapotengeneza masanduku ya chuma, makarai na majiko. Mtu akifika mara ya kwanza husikia kelele tupu. Simama kidogo. Fundi mmoja anapiga mara mbili nzito na moja nyepesi, ile nyepesi ikidunda juu ya chuma ili mkono upumzike hewani. Jirani yake amejipenyeza katika nafasi iliyobaki. Redio ikiwapo huwa ni ya kujazia tu, mdundo wanao wenyewe. Kwa kazi kama hiyo, au kufua, kupiga pasi, kuchambua mboga, rege haina mshindani: pigo lake zito linarudi mahali pale pale, na kuna nafasi tupu kati ya mapigo ambapo mkono unafanya kazi yake bila kusukumwa.

Kwa kusoma na kuandika, tatizo kubwa ni maneno. Wimbo wenye maneno unayoyaelewa unagombania ile sehemu ya akili unayosomea. Mwanafunzi wa chuo anayesoma sheria huku anasikiliza gengetone ya Sheng anajitafutia kazi mara mbili. Ndiyo maana nasema, na sijui kwa nini halisemwi zaidi, kwamba wakazi wa Nairobi wana bahati na rumba. Bendi za Kongo, Super Mazembe na Les Mangelepa, ziliweka makao hapa miaka ya 1970, tumelelewa na Lingala ndani ya masikio, lakini wengi wetu hatuijui lugha yenyewe. Sauti ya binadamu ipo, joto lake lipo, na maana hairuki mbele ya kitabu. Wakenya wengine, wale wanaoielewa, watafute muziki wa ala peke yake.

Usidanganyike na habari ya kwamba muziki fulani wa Ulaya unaongeza akili. Habari ile ilienea baada ya jaribio dogo la mwaka 1993, na wachunguzi waliofuata wakaonyesha kwamba kilichosaidia ni kuchangamka na kufurahi kwa muda mfupi baada ya kusikiliza muziki wa kasi na wenye furaha. Chochote kinachokuchangamsha kabla ya kazi kitakufanyia hivyo. Dakika kumi za benga kabla ya kufungua kitabu, halafu rumba ya chini chini, au kimya, ukishafungua.

Rumba ina mtego mmoja, nao ni sebene. Unajua inavyokwenda: mwanzo ni taratibu, sauti zinapokezana, kisha ngoma inabadilika, gitaa linapanda, na hata mtu aliyekuwa anakunja nguo anasimama. Mwaka 2011 Valorie Salimpoor na wenzake huko Montreal walionyesha kwamba ubongo hutoa dopamini mara mbili tunaposikiliza wimbo tunaoupenda: wakati wa kilele chenyewe, na pia kabla yake, tukiwa tunakingojea, katika sehemu tofauti ya ubongo. Walitumia nyimbo walizozileta wasikilizaji wenyewe, na sebene haikuwamo, lakini sijaona muziki uliojengwa juu ya kungojea kama huu. Kwa kusoma, basi, kata wimbo kabla ya sebene. Kwa kupika jioni na watoto jikoni, iache ije yote.

Njiani

Hapa kuchagua ni kugumu, kwa sababu anayechagua ni dereva. Warren Brodsky wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, aliwaweka watu kwenye mashine ya kuigiza uendeshaji na kuwapigia muziki wa kasi tofauti. Kadiri muziki ulivyokuwa wa kasi, ndivyo walivyoendesha kwa mbio na kupita taa nyekundu mara nyingi zaidi. Mimi ni abiria wa Thika Road na nasema kwa moyo wote: madereva wetu wanastahili kuambiwa hili na Sacco zao, kama wanavyoambiwa kuhusu matairi. Ukiwa na gari lako, rumba au taarabu ya zamani kwenye foleni ya Mombasa Road ni bora kwa shingo yako na kwa anayevuka barabara.

Besi ya matatu ina nguvu yake ya pekee. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwasha na kuzima spika za mawimbi ya chini sana, ambayo sikio haliyasikii waziwazi, katikati ya tamasha la kweli. Zilipowashwa, watu walicheza zaidi kwa karibu asilimia 12 bila kujua zimewashwa. Mwili unayapokea mawimbi hayo kwa ngozi na kwa kiungo cha usawa kilicho ndani ya sikio. Kwa hiyo hata ukiziba masikio ndani ya nganya, matatu ya kelele na mapambo, kifua bado kinaendeshwa.

Kati ya spika za gari na zile za masikioni, hatari ni ileile, sauti. Shirika la Afya Duniani linapima hivi: desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki, kwa desibeli 90 muda huo unashuka hadi saa 4. Safari za kwenda na kurudi Rongai kwa wiki moja zinazila saa hizo 4 mapema sana, na anayevaa spika za masikioni ili aushinde muziki wa gari anaongeza juu ya kilichopo. Vijiti vya sifongo vya kuziba masikio vinauzwa kwenye maduka ya dawa. Vaa. Na kaa mbele, mbali na buti.

Jioni: taarabu, rumba ya mwanzo, au kimya

Mwaka 2022 mapitio ya Cochrane yalikusanya majaribio ya watu wazima wenye shida ya usingizi, na kukuta kwamba kusikiliza muziki kila siku kuliboresha ubora wa usingizi wao. Majaribio mengi yalitumia muziki wa taratibu wa kurekodiwa, kati ya dakika 25 na 60. Si dawa ya siku moja. Hufanya kazi kwa mazoea, siku baada ya siku, wimbo uleule kwa saa ileile.

Taarabu gani sasa? Taarabu ya kisasa, ya vijembe, itoe kabisa. Ina kasi, na maneno yake yamekusudiwa kumfanya mtu akae macho akifikiria amesemwa nani. Tafuta udi wa Zein l'Abdin wa Mombasa, au rekodi za vikundi vya zamani vya Zanzibar zenye fidla, kanuni na filimbi. Nyuzi zinavutwa, sauti inakaa hewani, na kati ya mshororo na mshororo ala zinajibu bila haraka. Mara nyingi pumzi yenyewe hurefuka kabla hujaiambia. Rumba ya taratibu inakaribia, lakini sebene inaweza kukurudisha pale ulipotoka. Nyimbo za ibada za polepole zinawafaa wengi kwa sababu zimebeba mazoea ya utulivu tangu utotoni, na mazoea ni nusu ya kazi. Zile za sifa, za kupiga makofi na kurukaruka, ziache hadi asubuhi.

Na sasa zile dakika mbili za Pavia. Kimya peke yake, katika mtaa wenye baa na jenereta, ni vigumu kukipata, na ukikipata kichwa kinajaza nafasi kwa mawazo ya kodi na karo. Kimya kinachofuata muziki ni kingine. Mwili umeshikwa na kitu kwa dakika kumi, kisha umeachiliwa. Kwa anayetoka kazini na mabega yamepanda, ningechagua hiki kuliko taarabu yenyewe: wimbo mmoja au miwili, kisha simu inazimwa, dakika mbili, ukiwa umeketi. Mwenye shinikizo la damu asiache dawa zake kwa ajili ya haya. Ayafanye pamoja nazo.

Hasira na huzuni: spika za masikioni, au ngoma ya watu

Mtu mwenye hasira tunamwambia asikilize kitu cha kumtuliza, na mara nyingi anakizima kwa kuudhika zaidi. Ira Altshuler, daktari wa Marekani aliyetumia muziki kuwahudumia wagonjwa wa akili katika miaka ya 1940, alielekeza kinyume: anza na muziki unaofanana na hali ya mtu, kisha umsogeze kidogo kidogo. Mwenye hasira aanze na gengetone au hip hop nzito, nyimbo mbili, ashuke kwenye rege, ndipo afike kwenye udi. Mwenye huzuni aanze na wimbo wa huzuni. Kumrukisha moja kwa moja kwenye furaha ni kumwambia kwamba hatujamsikia.

Kwa msiba lakini, spika za masikioni ni chaguo la pili. La kwanza ni isukuti, au ngoma yoyote ya kwenu inayopigwa na watu waliosimama pamoja. Isukuti ni ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, na jina limetokana na ngoma zenyewe, tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zikisindikizwa na pembe ya swala na manjuga ya chuma. Huchezwa kuzaliwa kwa mtoto, jandoni, harusini na matangani. UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Nairobi utaisikia kwa mashabiki wa timu ya soka ya AFC Leopards uwanjani, ambako inawabeba hata timu ikiwa imefungwa.

Ngoma ndogo inakimbia, ya kati inajibu, na ile kubwa unaisikia tumboni. Huwezi kuisikiliza ukiwa umesimama tuli kwa muda mrefu. Mabega yanaanza yenyewe. Mwaka 2015 Bronwyn Tarr na Robin Dunbar wa Oxford, pamoja na wenzao, walichapisha jaribio walilofanya na vijana nchini Brazili. Waliocheza kwa kulingana na wenzao walivumilia maumivu zaidi baadaye, na walijiona karibu zaidi na wale waliocheza nao, kuliko waliocheza kila mtu na lake. Kulingana kulikuwa na nguvu hata pale ambapo jasho lilikuwa dogo. Dunbar anaamini ni kazi ya endofini, dawa ya maumivu ambayo mwili unajitengenezea. Wazee wetu walioweka ngoma matangani waliijua kazi hii kwa kuiona. Mimi husikitika ninapoona msiba wa mjini umekabidhiwa spika mbili na orodha ya nyimbo kwenye simu, waombolezaji wameketi kwenye viti vya plastiki, mikono imefungwa kifuani. Ikiwa familia inaweza kuwapata wapiga ngoma hata kwa saa moja ya jioni, iwapate.

Mgonjwa wa kutetemeka, na aliyepata kiharusi

Nimeiacha sehemu hii mwisho kwa sababu hapa mdundo unageuka kuwa gongo la kutembelea, na kuuchagua vibaya kunaweza kumwangusha mtu.

Michael Thaut na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, walichapisha mwaka 1996 matokeo ya wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, waliofanya mazoezi ya kutembea nyumbani kwa wiki tatu, wakifuata muziki wenye pigo lililosisitizwa. Kasi yao ya kutembea iliongezeka kwa asilimia 25. Mwaka uliofuata wakaonyesha manufaa kwa waliopata kiharusi. Kwa wagonjwa hawa ile njia ya ndani ya kuanzisha hatua imeharibika, lakini mdundo unaotoka nje unaingia kwa njia ya sikio na kuigusa miguu.

Baba yangu mkubwa anayeishi Kaloleni ana Parkinson. Sebuleni anatembea vizuri, lakini akifika mlangoni miguu inagoma, kana kwamba soli zimegandishwa na saruji. Kumvuta mkono kulimzidishia. Mtaalamu wa tiba ya viungo akatufundisha kumpigia makofi.

"Baba, tusubiri pigo," binti yake humwambia.

"Lianzishe, mama, nami nitaingia."

Makofi manne, hakuna anayesogea. La tano mguu wa kulia unanyanyuka, na amevuka.

Ukilinganisha makofi, programu ya simu inayogonga tiktik, na wimbo, kila kimoja kina mahali pake. Makofi ni ya mlangoni na kwenye kona, kwa sababu yanaanza mara moja na anayepiga anamwona mgonjwa. Programu ya simu ni bora kwa mazoezi ya ushoroba, kwani haibadiliki. Wimbo ni wa matembezi marefu ya uani, na unampa kitu ambacho tiktik haiwezi kumpa, hamu ya kuendelea. Uwe wimbo aliocheza akiwa kijana.

Ukitaka kuanza, hesabu kwanza hatua zake za kawaida kwa sekunde 30, uzidishe kwa 2, na siku za mwanzo uweke mdundo uleule. Mwili ukizoea, panda kwa asilimia 5, kisha 10, huku mtu akiwa ubavuni, na mtaalamu wake akijua. Benga itakuwa ya kasi mno kwa wengi wao. Hatua zinakuwa fupi fupi na za haraka, na hapo ndipo wanapoanguka. Sehemu ya kwanza ya rumba mara nyingi ndiyo inayomfaa. Sebene ikikaribia, msimamishe, umvutie kiti, aisikilize akiwa ameketi.